Chafya ya Mwindaji

Nilipotimiza miaka 14 baba alinikabidhi upinde, akasema, "Mwanangu, sasa umekua." Nilikuwa nimeulilia mno. Kaka alikuwa akirudi kutoka porini katanua kifua kana kwamba kaangusha tembo, mimi nabaki kuhesabu kuku. Na nyama nilikuwa naila, tena paja naligombania, kwa hiyo habari za huruma mtu asiniletee.

Tukanyatia, upepo ukitupiga usoni ili harufu zetu zibaki nyuma. Mara, digidigi! Dume, vipembe vifupi, pua inachezacheza. Kilo zenyewe hazizidi 5 au 6, na nusu yake nadhani ni macho. Baba akaniashiria kwa kidevu: wako huyo.

Nikavuta upinde. Basi yule bwana, badala ya kukimbia, akainamisha kichwa, akakilenga kijiti kwa kona ya jicho, taratibu, akaacha tone jeusi linang'aa kwenye ncha. Baba alikwishanieleza: si chozi lile, ni ute wa tezi, ndivyo anavyoweka mipaka ya eneo lake. Nilijua. Lakini mshale ukiwa mkononi, niliona kiumbe anafuta machozi. Tena hao hukaa wawili wawili, na mkewe alikuwa pale kichakani, anatafuna majani hana habari.

Mkono ukaanza kutetemeka. Nikiachia, nimemuulia mke wa watu mumewe. Nisipoachia, kaka atanicheka mpaka nizeeke. Nikapiga chafya. Ya uongo, lakini niliipiga kwa moyo wote.

Nilitaka wakimbilie mbali. Mke alitii. Dume akapiga mluzi wa puani, akaja mbio za kona kona moja kwa moja kwetu, akapita katikati ya miguu ya baba. Baba akageuka amkamate, miguu ikapishana, akaketi juu ya kichaka cha miiba. Kitako kizima. Mshale wangu nao ukajiendea zake kwenye kichuguu.

Jioni nikawa namchomoa baba miiba, kalala kifudifudi, nami nasubiri kesi yangu isomwe.

"Umeona huyu mdogo wako alivyomswaga yule mnyama mpaka miguuni kwangu?" akamwambia kaka. "Wewe hujawahi! Safari ijayo huyu akapige chafya upande wa kule, sisi tutege huku."

Baba alipolala, kaka akaja kuninong'oneza eti nimfundishe. Nikamwambia chafya ile haifundishwi, mtu huzaliwa nayo.