Touch Bar na njia za mkato: kipi kinastahili kukaa pale juu?

Mwezi Oktoba 2021 Apple ilitoa MacBook Pro za inchi 14 na 16 zisizo na Touch Bar, na Oktoba 2023 ikaacha kuuza ile ya inchi 13, ya mwisho iliyokuwa nayo. Lakini laptopu zenye ukanda huo wa kugusa bado zinapiga kazi kila siku, na wenye nazo wamebaki na swali. Je, inafaa kuketi na kuupanga upya, kuujaza vitufe vya njia za mkato vinavyotekeleza kazi nzima kwa mguso mmoja? Au ni kupoteza muda kwa kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukitupa mkono?

Wanaosema ni kupoteza muda wana hoja nzito. Touch Bar ni skrini nyembamba ya OLED, pikseli 2170 kwa 60, iliyochukua nafasi ya vitufe vya F1 hadi F12 mwaka 2016. Wazo lilikuwa kwamba vitufe vibadilike kufuatana na programu iliyo mbele yako. Lenovo ilikwisha kujaribu jambo la jinsi hiyo mwaka 2014 katika ThinkPad X1 Carbon, na toleo la mwaka uliofuata likarudi na vitufe vya kawaida. Apple ilivumilia zaidi, lakini nayo mwaka 2019 ilirudisha kitufe halisi cha Esc katika modeli ya inchi 16, na hapo ungeweza kuona upepo unavuma kuelekea wapi.

Sababu iko kwenye vidole. Anayeandika bila kutazama kibodi huvitambua vitufe kwa kingo zake na kwa namna vinavyobonyea. Kioo hakina kingo wala hakibonyei. Kila unapotaka kitu pale juu, lazima macho yatoke kwenye kazi, yashuke, yatafute, ndipo kidole kifuate. Zaidi ya hapo, usipogusa kibodi wala padi kwa dakika moja hivi ukanda hufifia kisha huzimika, na inabidi uuamshe kwanza. Kuupamba kwa vitufe vyako mwenyewe hakubadilishi hata kimoja kati ya haya. Tendo unalolirudia mara nyingi kwa siku, kama kunakili, kuhifadhi au kuhama dirisha, litakwenda haraka zaidi kwa mchanganyiko wa vitufe ambao vidole vimeukariri. Hapo sioni la kubishania.

Tatizo ni kwamba watu wengi huishia hapo, wakauhukumu ukanda kwa yale uliyokuja nayo kutoka kiwandani: mapendekezo ya maneno, emoji, kitelezi cha mwangaza. Hayo hayakuwa kazi ya mtu yeyote hasa. Kazi yako unaijua wewe, na Mac imekuwa na zana za kuifanya ijiendeshe kwa muda mrefu. AppleScript, lugha ya kuandikia kompyuta amri, ipo tangu 1993. Automator, programu ya kuunganisha hatua za kazi ziende zenyewe, ipo tangu 2005. Mwaka 2018, Mojave, toleo la macOS ambayo ni mfumo endeshi wa Mac, ikayaruhusu matendo ya haraka yanayoundwa kwa Automator yaonekane kwenye Touch Bar. Kwangu mimi siku hiyo ndipo ukanda ulipopata kazi.

Mfikirie mtu anayeandaa picha za kupakia mtandaoni. Anaunda tendo linalopokea picha zilizochaguliwa katika Finder, programu ya Mac ya kupitia faili. Hatua ya kwanza inanakili faili ili za asili zisiguswe, ya pili inapunguza vipimo, ya tatu inazigeuza kuwa JPEG. Akishalihifadhi na kuliruhusu katika Mipangilio, analikuta ndani ya kitufe cha matendo ya haraka. Anachagua picha thelathini, anagusa, anaendelea na mengine. Hili si tendo la kila dakika, kwa hiyo hakuna kidole kitakachokariri njia yake. Pia si la nadra kiasi cha kustahili kuchimbwa ndani ya menyu kila mara. Matendo ya kundi hili la katikati, yenye hatua nyingi na jina unaloweza kulisoma, yanafaidika na ukanda kuliko mengine yote. Kule kushusha macho, ambako ni hasara kwa kitendo cha haraka, hapa hakuna gharama ya maana, maana kazi yenyewe imekuokolea dakika kadhaa.

Faida ya pili ni kubwa zaidi na haisemwi vya kutosha: kitufe cha kawaida hakikuonyeshi hali ya jambo, ukanda unaweza. BetterTouchTool, programu ya kulipia ya Andreas Hegenberg, na MTMR ambayo ni ya bure na hupangwa kupitia faili ya maandishi ya JSON, zote zinaruhusu kitufe kiendeshe skripti, yaani amri zilizoandikwa kwa mfuatano, na kuonyesha jibu lake. Mfano mzuri ni maikrofoni. Skripti fupi inasoma kiwango cha sauti inayoingia. Kikiwa sifuri, kitufe kinakuwa cha kijivu. Kikiwa zaidi ya sifuri, kinakuwa chekundu. Ukikigusa, kiwango kinashuka au kinarudi. Katikati ya mkutano, dirisha la mkutano likiwa limefunikwa na nyaraka tatu, unajua papo hapo kama unasikika.

Ila mfano huohuo unaonyesha udhaifu wa mambo haya vizuri kuliko wowote ninaoujua. Kwanza, skripti hiyo haikai ikisikiliza, bali huamshwa kila baada ya sekunde kadhaa ulizozipanga. Ukiweka sekunde kumi, kitufe kinaweza kukudanganya kwa sekunde kumi. Ukiweka moja, unaifanya mashine ihangaike siku nzima kwa ajili ya rangi. Pili, ukijinyamazisha ndani ya programu ya mkutano, kiwango cha mfumo hakibadiliki, kwa hiyo ukanda unasema uko wazi huku dirisha likisema umefungwa. Tatu, baadhi ya maikrofoni za USB haziruhusu kompyuta kugusa kiwango chake kabisa. Kwa hiyo nyekundu ichukuliwe kwa uzito, lakini kijivu kisiaminiwe hadi ukijaribu kwa maikrofoni yako na programu yako. Taa ya kijivu inayodanganya ni hatari kuliko kutokuwa na taa.

Kuna mguso wa bahati mbaya pia. Ukanda umepakana na safu ya namba, na kidole kinachoifuata 5 au 6 hupitiliza kirahisi. Kwa kitufe cha sauti si neno. Kwa kitufe kinachofuta folda, kutuma barua au kusukuma msimbo kwenye seva, ni balaa. AppleScript ina amri ya kuonyesha kisanduku cha kuuliza kabla ya kuendelea, na kwa tendo lolote lisilorudishika nyuma ningeiona kuwa ya lazima.

Usalama nao usipuuzwe. Ili zifanye kazi, programu hizi huomba ruhusa pana ya kudhibiti kompyuta, na tangu Mojave macOS huuliza pia kabla programu moja haijaiendesha nyingine. Watu hupakua mipangilio mizuri iliyotengenezwa na wengine, huiingiza, kisha hukubali kila kisanduku kinachojitokeza. Mipangilio hiyo hubeba skripti ndani yake. Kutoisoma ni sawa na kumpa mgeni funguo kwa sababu amevaa vizuri.

Na uhai wake? Njia rasmi ya Apple huiruhusu programu kuchora kwenye ukanda pale tu inapokuwa mbele. Programu za kuupanga upya, zinazotaka vitufe vikae muda wote, hupitia milango ya ndani ambayo Apple haikuiandikia maelezo wala kuahidi kuitunza. Sasisho moja la mfumo linaweza kuvunja kila kitu. Na kwa mashine zenye chipu za Intel, macOS Tahoe ya 2025 ndiyo toleo la mwisho. Zenye chipu za Apple yenyewe, M1 na M2, zina muda zaidi.

Wapinzani hufunga hoja hapa. Mimi naona hapa ndipo inapohitaji kutenganishwa. Kinachotegemea Touch Bar ni kitufe. Tendo lenyewe halikitegemei. Tendo la picha, kwa mfano, litaendeshwa vilevile kwa mchanganyiko wa vitufe uliouweka katika Mipangilio ya kibodi chini ya huduma, au kutoka kwenye menyu ya Finder. Tangu macOS Monterey ya 2021 Mac ina programu ya Shortcuts, na mengi yaliyoundwa kwa Automator yanaweza kuhamishiwa huko. Apple yenyewe iliwaelekeza watengenezaji wa programu wasiweke jambo lolote likapatikana kwenye Touch Bar peke yake, na agizo hilo linamfaa mtumiaji wa kawaida vilevile. Hatari ni kuandika skripti ndefu ndani ya kisanduku cha BetterTouchTool, kwa sababu siku ukihama mashine utaanza upya. Iandike kwenye faili yake, katika folda unayoihifadhi nakala, na kitufe kiwe na mstari mmoja tu wa kuiita. Kwa mpango huo saa unazotumia hazipotei hata ukanda ukifa kesho, na mimi ningemwambia mwenye nao azitumie bila kusita.

Kitu kimoja kisiguswe. Katika modeli zilizotoka kabla ya kurudi kwa Esc halisi, programu hizi hukuruhusu kukiondoa kitufe hicho cha kioo ili upate nafasi ya viwili vitatu vya kwako. Kiache palepale kushoto. Na kama wewe ni mtu wa kukibonyeza sana, nenda kwenye Mipangilio ya kibodi, sehemu ya vitufe vya kubadilisha, uifanye Caps Lock ndiyo iwe Esc. Inachukua nusu dakika, haihitaji programu ya ziada, na kidole kitaipata bila macho.