Mpapai Uliovishwa Leso

Kando ya barabara kule Bamburi, kibanda changu cha miche na cha jirani vimetenganishwa na gunia moja la samadi. Gunia hilo ndilo lililoniponza.

Jirani alikatakata mtungi wa plastiki, akaandika JIKE kwa wino mwekundu, akavichomeka vipande kwenye miche ya mipapai iliyokuwa bado urefu wa shubiri. Nikamuuliza, umejuaje? Akasema mzizi: ukipinda jike, ukinyooka dume. Mimi huwaambia wateja kwamba mpapai hautoi siri yake mpaka uchanue, nayo ni miezi kadhaa. Kwa hiyo panda miche mitatu shimo moja, kisha ung'oe madume, ubakize moja la kuchavusha. Maneno haya hayajawahi kunipa hata nauli ya matatu. Yeye alikuwa akiuza bei maradufu, na kabla ya adhuhuri amemaliza.

Basi akaja bi mkubwa mmoja wa Kisauni, mkononi ana shada la maua limening'inia kama ndevu za mzee wa baraza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jike lako hili?"

Ua la jike ni nene, limeng'ang'ania shina. Haya yalikuwa membamba, chungu nzima, kwenye vikonyo virefu. Dume la kutupwa! Nikamwambia, mama, hukununua hapa, ni kwa huyu jirani. Nikageuka kumwonyesha. Kiti kitupu, kikombe cha kahawa bado chafuka moshi. Na upepo wa kusi, usio na haya, ulikuwa umeangusha kibao kimoja cha JIKE upande wangu wa gunia.

"Na hicho je?"

Miche sita, minne madume. Tena aliilea kwa maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Shoga yake akamshauri aufunge leso mmoja, uone haya, ugeuke mwanamke. Akaufunga, leso mpya ya Biashara Street.

Ili yaishe, nikamtolea miche ya mpapai wa aina ya Solo. "Hii mbegu yake haina dume kabisa, mama. Theluthi moja ni jike, iliyobaki ni huntha, dume na jike kwa pamoja, na huntha huzaa mwenyewe."

"Astaghfirullah! Wataka nipande nini uani kwangu?"

Akaondoka bila miche, sauti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Muda ukapita, akarudi anacheka, simu mkononi. Kwenye picha lile dume, na leso yake kiunoni, limening'iniza kipapai kimoja kwenye kikonyo kirefu. Nikamweleza kwamba hutokea: hali ya hewa ikibadilika, dume huweza kutoa ua moja moja lililokamilika, likashika tunda. Nilikuwa nauambia ukuta. Shoga yake alikuwa ameshatangaza Kisauni nzima, na siku hizi watu waniuliza kama leso iwe ya rangi gani.

Jirani amerudi. JIKE kazitupa zote, ameandika vibao vipya: DUME, LESO IPO. Anauza mche na leso pamoja, na kabla ya adhuhuri amemaliza.

Bi mkubwa naye ananidai mimi. Leso ya mpapai imepauka kwa jua, pacha wake sandukuni bado mpya, na hawezi kwenda harusini na doti ya rangi mbili.