Seli inajuaje kama joto limepanda, utando ndo unaanza au protini?

Huu ubishi naupenda sana. Seli ikipigwa joto la ghafla inaanza kutengeneza kwa wingi protini za mshtuko wa joto, zile HSP, kazi yao ni kuzishika protini nyingine zisiharibike na kukwamana. Hapo hakuna anayebisha. Ugomvi ni nani anayeligundua joto kwanza na kupiga mbiu, protini za ndani au utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli.

Stori yenyewe ilianza kwa bahati tu, Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikua anachungulia kromosomu za tezi za mate za mabuu ya nzi, kumbe mwenzake kapandisha joto la inkubeta, kuja kuangalia anakuta kromosomu zimevimba sehemu ambazo sio zile za siku zote, yaani kuna jeni zilikua zimelala zimeamka. Akachapisha 1962.

Wanaotetea protini wana hoja nzito bana. Ndani ya seli kuna protini inaitwa HSF1, ndo inayowasha jeni za HSP, ila siku za kawaida imekamatwa na HSP zenyewe. Joto likipanda protini zinakunjuka ovyo, HSP zinaiachia HSF1 zinakimbilia kuokoa, HSF1 ikishakua huru zinaungana tatu tatu na kushika DNA, kazi ikipungua HSP zinarudi kuikamata tena. Na mwaka 1986 watu walidunga protini zilizoharibiwa kwenye mayai machanga ya chura, jeni ya HSP ikawaka bila joto lolote! Protini ileile ikiwa nzima, kimya.

Sasa wa utando, hasa László Vígh wa Hungaria na wenzake, wanauliza hivi: mbona HSP zinapanda hata kwa joto dogo tu ambalo protini nyingi zinalivumilia? Utando ni mafuta, nyuzi joto chache tu zikiongezeka unalegea. Wakachukua alkoholi ya benzili, ambayo inalegeza utando, wakawapa seli kwenye joto la kawaida kabisa na HSP zikapanda. Kwenye mimea ya kuvumwani (vile vimea vidogo vya kijani vya sehemu zenye unyevu) nako joto kidogo linafungua milango ya kalsiamu iliyoko kwenye utando, na HSP zinafuata.

Mpinzani atasema alkoholi hiyo nayo inaweza kugusa protini, sawa, ni hoja ya haki. Ila kinachonisumbua mimi kwa upande wa utando ni kingine, njia ya habari kutoka huko nje mpaka kwa HSF1 ina mapengo, hasa kwa wanyama, wakati upande wa protini unaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Kwa hiyo ufunguo nawapa protini. Lakini kiwango cha joto cha kuanzia kushtuka, hapo naona utando una mkono wake, maana seli hubadilisha mafuta yake kulingana na joto iliyozoea, kwenye joto inaweka yaliyoshiba zaidi, yaani yale yanayoganda kirahisi, ili utando usilegee sana. Halafu kuna Hsp17, HSP ya sianobakteria, wale bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea (hii ndo ilinifanya nisiwadharau watu wa utando), ikishatengenezwa inajibandika kwenye utando wenyewe na kuukaza, kwa hiyo utando haumo kwenye hii kesi kama shahidi tu, nao ni mgonjwa anayetibiwa.