Embe likidondoka kwenye bati

Msimu wa maembe hapa Tabora humfurahisha kila mtu isipokuwa baba mdogo. Nyumba yake ya Isevya iko chini ya mwembe, na tulipokuwa wadogo, embe likidondoka kwenye bati usiku, mzee alikuwa uvunguni kabla hatujajua kilicholia. Sisi tulicheka. Mama mdogo hakucheka. Aliwasha kibatari, akaketi sakafuni, akawa anamtajia majina ya wanawe mmoja mmoja mpaka pumzi zitulie.

Baba mdogo alipigana vita vya Kagera, kikosi cha mizinga, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Alirudi bila mkwaruzo, na hilo ndilo lililomponza. Asiye na kovu hahesabiwi majeruhi. Mtaani kila mtu alikuwa na lake: karogwa, damu za watu zinamwandama, pombe. Kunywa alikunywa, tusidanganyane, lakini usingizi ndio ulianza kupotea, pombe ikafuata. Mama mdogo alilijua hilo, hakuna aliyemuuliza. Jina la ugonjwa wa kiwewe, yaani hofu ya vita au balaa inayobaki akilini hata baada ya hatari kupita, liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mzee alikuwa ameshalala uvunguni mwaka mzima.

Mimi nasema askari aliyekaa karibu na milipuko achunguzwe kama majeruhi, hata akirudi na viungo vyote. Mlipuko husukuma wimbi la mgandamizo ambalo huweza kuutikisa ubongo bila kuacha jeraha nje, na mpiga mzinga hupokea kishindo cha mzinga wake mwenyewe, siku baada ya siku. Mtikisiko mdogo mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kichwa. Mtu anabaki na kuumwa kichwa, kusahau, hasira za ghafla. Kiwewe nacho huleta hasira, usingizi mbovu na kushtukashtuka. Vyote viwili huweza kumkaa mtu mmoja, kimoja kikajificha nyuma ya kingine. Kwa baba mdogo, mpaka leo siwezi kukuambia ni kipi.

Wenye hospitali kubwa nao hujikwaa. Januari 2020 makombora ya Iran yalipopiga kambi ya Al Asad kule Iraq, Marekani ilitangaza kwamba hakuna askari wake aliyeumia. Wiki chache baadaye waliokutwa na majeraha ya ubongo walipita 100. Katikati ya hapo Rais Donald Trump alisema amesikia wanaumwa kichwa tu, si jambo zito. Nilidhani namsikia jirani yetu wa Isevya.

Na sisi vita havikuishia 1979. Desemba 2017 tuliaga majeneza 14 ya vijana wetu waliouawa Kongo wakilinda amani. Wenzao waliokuwepo siku ile na kurudi wakitembea, nani amekaa na wake zao akawauliza wanalalaje? Swali hilo halihitaji mashine. Linahitaji kiti, na mtu asiye na haraka.

Mama mdogo hakusubiri daktari. Mwaka mmoja, kabla ya mvua za kwanza, alimwita kijana mwenye shoka, akakata tawi lote lililoinamia bati. Majirani walinuna mwezi mzima, maana ndilo lililokuwa na maembe matamu.