Mwacheni Jin, tupeni King

Nina ugomvi na Tekken: Bloodline, katuni iliyotokana na gemu ya mapigano ya Tekken, na si ugomvi wa mtu asiyeijua Tekken. Mabanda ya gemu ya Kirumba, Mwanza, ndiyo yaliyonilea. Tekken 3, iliyoingia PlayStation mwaka 1998, ilikuwa bado inachezwa pale miaka mingi baadaye, kwenye pedi zilizofutika alama zote. Aliyeshinda anabaki, aliyepigwa anampisha mwenzake. Asiyejua kitu alimchagua mpiganaji aitwaye Eddy, akabonyeza ovyo, na ole wenu akishinda: banda zima lilikuwa halikaliki.

Basi Agosti 2022 Netflix ikaileta Bloodline, episodi sita. Jin, kijana shujaa wa hadithi, anampoteza mama yake, Jun, anayeuawa na jitu liitwalo Ogre, anakwenda kwa babu yake Heihachi kufundishwa kupigana, halafu mashindano. Yaani Tekken 3 ileile. Mapigo yamechorwa kwa uaminifu, na ngumi ikitua cheche zinaruka kama kwenye gemu. Nilimaliza zote sita nikiwa na hamu ya kitu kimoja tu: pedi. Jin nimeshamchezesha mwenyewe, nikipigwa naanza upya. Kunionyesha akifanya mambo yaleyale huku mimi nimekunja mikono ni kuninyima raha yenyewe. Najua kuna watakaosema shabiki anataka kuona anachokijua. Kweli, kwa dakika kumi.

Mwezi uliofuata, Netflix haohao wakatoa katuni nyingine ya gemu, Cyberpunk: Edgerunners ya studio ya Trigger. Gemu yake, Cyberpunk 2077, ilitoka Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi mpaka Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni. Trigger hawakumfuata V, mhusika unayemchezesha. Walichukua mji wa Night City, wakamtafuta kijana mwingine kabisa, David Martinez. Mama yake anafanya kazi ya kuhudumia majeruhi na anahangaika kumlipia ada kwenye shule ya matajiri. Mama anafariki, madeni yanabaki, kijana anajifungisha chuma mgongoni na kuingia kwenye genge. Ada inayomzidi mzazi na bili ya matibabu havihitaji kutafsiriwa Igoma wala Mabatini. Kila chuma kinachoongezwa mwilini kinampunguzia akili, na wewe mtazamaji huna pa kubonyeza ili arudi nyuma. Anakufa. (Samahani kwa ambaye hajaiona, ila umepewa muda wa kutosha.) Watu wakarudi kwenye gemu kwa wingi, na ndani yake wakaikuta jaketi ya David.

Hata Pokémon ilishika njia hiyo mapema. Gemu ilitoka Japani mwaka 1996, katuni ikafuata 1997. Kwenye gemu unachagua kiumbe mmoja wa kuanza naye kati ya watatu, na Pikachu hayumo. Ash, kijana wa kwenye katuni, anachelewa kuamka, anakuta watatu hao wameshachukuliwa, anapewa Pikachu asiyetaka hata kumsikiliza. Kisha anashindwa mashindano makubwa mwaka baada ya mwaka. Ubingwa wa dunia aliupata 2022! Mchezaji gani angevumilia hivyo? Lakini mtazamaji alivumilia, na mwaka 1998 ikaja Pokémon Yellow, ambayo Pikachu anakufuata nyuma kama kwenye katuni. Gemu ndiyo iliyoiga.

Kwa hiyo wakirudi tena kwenye Tekken, wamwache Jin apumzike. Yupo King, mcheza mieleka wa Meksiko mwenye kinyago cha jagwa, yaani chui wa Amerika, ambaye pale bandani tulimchagua kwa ajili ya kukaba na kubwaga tu. Huyu wa Tekken 3 ni King wa pili. Alilelewa kwenye kituo cha yatima cha King wa kwanza. Yule alipouawa na Ogre, kijana akavaa kinyago ili watoto waliobaki wasikose pa kulala. Kila pambano analoshindwa lina watu wanaolala njaa kwa sababu yake. Nipeni hiyo, episodi kumi, na cheche za ngumi mkitaka ziacheni.