Filamu ya Hatari! si ya watalii pekee
Mwandishi mmoja anadai kwamba filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, imebaki kuwa burudani ya watalii wanaopita Arusha kuelekea mbugani, na kwamba kijana wa leo hana cha kujifunza humo. Sikubaliani naye hata kidogo. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa huku kwetu, Momella karibu na Arusha na maeneo mengine, kabla ya Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961. Kwa hiyo anayeacha kumfuata mwigizaji mkuu, John Wayne, na kutazama kilicho nyuma yake ataona kwa rangi nchi yetu ilivyokuwa, na, pale ndama wa tembo wanapokimbia mjini, mitaa ya Arusha ambayo wengi wetu tumeisikia tu kwa wazee. Ni kweli, na inauma, kwamba wenyeji wamepewa nafasi finyu mno katika hadithi, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuitazama tukiwa na wazee wetu, ambao bado wanaweza kututajia majengo yale na waliokuwa wakiyatumia. Je, yupo msomaji wa Arusha au Moshi ambaye mzee wake alifanya kazi na wapigapicha wale, na simulizi lake limerekodiwa?