Amepona ndio, ila ndoo ya maji hawezi kubeba

Dada yangu alimaliza mionzi ya saratani ya titi hospitali ya Ocean Road, Dar, mwaka juzi. Siku anarudi Tabora tulimpokea stendi na vigelegele, pilau ikapikwa, watu wakaomba dua, afu baada ya kama wiki mbili nyumba ikawa kimyaaa. Alipokuwa anaumwa grupu letu la WhatsApp lilikuwa linajaa meseji za michango usiku na mchana, saivi limebadilishwa jina ni la harusi ya binamu.

Hapo ndo tunapokosea jamani. Dada alitolewa ziwa la kulia pamoja na tezi za kwapani, na zile tezi zikishatolewa maji ya mwilini hayapiti vizuri, mkono unaweza kuvimba hata miaka kadhaa baadae. Wa kwake ulivimba baada ya kubeba ndoo ya lita 20 toka bombani, kisa alikuwa ameona aibu kuomba watoto wa jirani kila siku. Bado kuna tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani isirudi, kidonge kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, na lile joto la ghafla usiku anaamka shuka limelowa chapachapa, afu asubuhi mtu anamkuta sokoni kavaa kitenge chake anamwambia we si ulishapona bwana.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kikoba. Aliomba laki 3 afufue genge lake la mboga, wakamzungusha weee mpaka mmoja akasema, tena mbele yake, akifa nani atalipa? Alirudi nyumbani hakula. Mtu kavumilia kemo zote zile, zile dawa kali za saratani, unamzika akiwa amekaa kwenye mkeka mmoja na wewe!

Waliomsaidia kweli hawakuja na hela nyingi. Shoga yake mmoja anakuja Jumamosi kumfulia mablanketi, basi. Mama mwingine waliyejuana kliniki, naye alipitia hayohayo, alimshonea ziwa la kitambaa la kuweka kwenye sidiria, akamwonyesha na mazoezi ya kupandisha vidole ukutani taratibu mpaka mkono unyooke. Siku hiyo nilimsikia dada anacheka chumbani, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mi naona kamati ya michango isivunjwe mgonjwa akirudi, hata buku kila mwezi kwa kila ndugu inatosha nauli ya kliniki. Ya kwake ni mwezi wa tatu, Dar kwenda na kurudi. Grupu nimefungua jipya jana, mpaka sasa tupo tisa.